Mwenyekiti mwanzilishi wa kikoba: awekewe ukomo, au aachwe mpaka achoke mwenyewe?

Wakuu, nawasalimu. Naleta mjadala ambao najua utawagusa wengi, maana siku hizi ni shida kumpata mama wa sokoni, fundi au mtumishi wa mshahara mdogo ambaye hayumo kwenye kikoba hata kimoja. Swali ni hili: je, katiba za vikundi vyetu vya kuweka na kukopa ziweke ukomo wa lazima kwa mwenyekiti, hata kama ndiye aliyekianzisha kikundi, hata kama hajawahi kugusa senti ya mtu?

Msimamo wangu nautaja mapema. Ziweke. Mizunguko mitatu (mzunguko mmoja ni kama mwaka), kisha akae pembeni angalau miwili. Nitaeleza kwa nini, halafu mnipinge.

Kikoba chetu tulikianzisha hapa Morogoro tukiwa watu 22. Mwaka wa kwanza kikao kilikuwa Jumamosi saa tisa alasiri, na saa nane na nusu watu wameshajaa mkekani. Hatukuwa tunajuana sana, kwa hiyo kila mtu alikuja na adabu yake yote. Sanduku lilikuwa na kufuli tatu, funguo zikiwa kwa wanachama watatu wa kawaida wasio viongozi. Wahesabu fedha wawili wanahesabu kwa sauti, katibu anarudia kiasi, na kabla ya kufunga sanduku kila mmoja anatakiwa kulijua salio la mfuko wa jamii kwa kichwa. Kikao kinachofuata, ukiulizwa ukashindwa, faini. Mwenyekiti aliwahi kuchelewa dakika kumi, akatozwa kama sisi, akalipa, tukampigia makofi.

Mwaka wa pili ulikuwa wa ugomvi. Marejesho yalichelewa, wadhamini wakakana saini zao, kikao kimoja kiliisha saa mbili usiku na wanachama wawili wakajitoa palepale. Lakini sheria zetu nzuri zote zilitungwa katika mwaka huo. Wa tatu ukawa mtamu: watu waliezeka bati, wakalipa ada, na sikumbuki mwenzetu hata mmoja aliyekwenda kukopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali.

Mwaka wa nne ndipo mambo yalipobadilika, na yalibadilika taratibu mno. Watu walianza kutuma hisa kwa simu: "Mama, nimekurushia, niandikie." Anatumiwa nani? Mwenyekiti. Mmoja wa wenye funguo akahamia Dodoma, ufunguo wake ukabaki kwa mwenyekiti "kwa muda". Wa pili akajifungua, naye akaupeleka. Wa tatu nilikuwa mimi. Nilipangiwa zamu za kazi za Jumamosi, nikampelekea ufunguo kwa mkono wangu, na nikamshukuru kwa kunipunguzia safari. Sanduku la kufuli tatu likawa na funguo zote katika pindo la kanga moja, na hakuna aliyepiga kura ya kuamua hivyo.

Uchaguzi wa mwaka wa tano mwenyekiti aliuliza, "Mnataka tubadilishe?" Watu wakatazama chini. Huyu mama alikaa na wenzetu wodini, alisimamia misiba yetu, na mkopo ulipokataliwa alikuwa akimtetea mwombaji mpaka unapita. Kunyoosha mkono kumpinga ilikuwa kama kumtukana mzazi wako mbele za watu. Mwaka wa sita mgawanyo ulichelewa miezi minne, tukaja kujua kwamba alikuwa amewakopesha watu wawili wa nyumbani kwake nje ya kikao, akiamini watarejesha kabla ya siku ya kugawana. Walirejesha sehemu tu. Hasara tuligawana, kikundi kikafa, na mpaka leo wapo wanaokutana msibani wasisalimiane.

Wengi husema binadamu akishaonja madaraka hubadilika. Mimi nimekaa na jambo hili muda mrefu na naona sisi ndio tuliotangulia kubadilika. Tuliacha kuhesabu, tukaacha kuuliza, tukaacha kuja. Yeye aliokota kila tulichokitupa, cha mwisho kikawa mamlaka ya kukopesha peke yake.

Kwenye semina za ujasiriamali tumefundishwa hatua za kikundi za Bruce Tuckman, mwanasaikolojia wa Marekani. Mwaka 1965 alitaja nne: kukutana, kuvurugana, kukubaliana kanuni, kisha kuchapa kazi. Mwaka 1977, pamoja na Mary Ann Jensen, akaongeza ya tano, yaani kuagana. Nikiangalia miaka yetu mitatu ya mwanzo, inalingana vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya maandishi aliyoyachambua ilihusu vikundi vya tiba ya kisaikolojia na vya mafunzo, watu wanaokaa pamoja kwa muda kisha wanatawanyika. Sisi tuna fedha ndani, na hatutawanyiki. Mtu akikufundisha kwamba kilele ni kuchapa kazi, utadhani ukishafika pale umefika. Hakuna aliyetuambia kwamba kikundi kinachokwenda vizuri ndicho kinacholala usingizi.

Aliyelisema hilo ni mwingine, Robert Michels, mwaka 1911. Alivichunguza vyama vya kisoshalisti vya Ulaya, hasa kile cha Ujerumani, vyama vilivyohubiri usawa kuliko vyote, akakuta navyo vinaongozwa na wachache walewale. Sababu alizozitaja ungedhani alikaa mkekani kwetu: viongozi wanaujua utendaji kuliko wengine, wanachama hawana muda wala hamu ya kufuatilia, na zaidi ya yote wanachama wana shukrani. Hiyo ya shukrani ndiyo iliyotumaliza. Kwetu shukrani ni jambo jema, tunawalea watoto nayo, kwa hiyo haituingii akilini kwamba inaweza kuwa mlango wa hasara.

Sasa rudini kwenye asili ya mfumo wenyewe. Vikundi vya hisa na sanduku vilianza mwaka 1991 Maradi, nchini Niger, kwa wanawake waliofanya kazi na shirika la CARE, na huko viliitwa kwa Kihausa Mata Masu Dubara, wanawake werevu. Hapakuwa na fedha za kutoka nje, ni akiba yao tu. Mfumo ulivyokuja kuenea, mzunguko una mwisho wake, kwa kawaida miezi tisa mpaka kumi na miwili. Siku hiyo fedha yote inatoka, kila mtu anachukua chake, sanduku linabaki tupu. Anayetaka kuendelea anajiunga upya, viongozi wanachaguliwa upya. Naona waliobuni utaratibu huu walijua kwamba watu wakikaa mno wanazoeana, na wakizoeana wanaacha kuhesabu. Kuvunja kunawarudisha kwenye ile adabu ya siku ya kwanza.

Sisi tumekwepa. Vikundi vingi ninavyovijua havivunji tena, vinagawana faida na mtaji unabaki "ili tukue". Mtaji unakua kweli, lakini siku ya kufungua sanduku mbele ya watu wote haipo tena, na aliyekuwa mwenyekiti jana ndiye wa leo kwa sababu hakuna lililokoma.

Sheria nayo imepita. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi vyetu viliwekwa daraja la nne, chini ya SACCOS (vyama vya ushirika vya akiba na mikopo) zilizo daraja la tatu, na tunatakiwa kusajiliwa kupitia halmashauri tukiwa na katiba. Nasi tulijisajili. Katiba tuliinakili kwa kikundi jirani, na ilisema viongozi watachaguliwa kila mwaka "na wanaweza kuchaguliwa tena". Maneno manne hayo yalitosha kumweka mtu madarakani miaka sita. Ongeza na hili: ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, iliyosimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024, inapitia kwenye vikundi. Mwenyekiti anayejuana na afisa maendeleo ya jamii anageuka kuwa mlango wa kikundi kizima. Nani atathubutu kubadilisha mlango wakati fomu iko mezani?

Hayo ndiyo yangu. Karibuni.

Nimerudi. Nimesoma michango yenu tangu jana, na nijibu ile iliyonigusa zaidi.

Kaka wa Mombasa ameandika kwamba kwenye chama chao mweka hazina ni yuleyule mwaka wa 11, haijapotea hata shilingi, na ukomo ungewanyang'anya mtu wao bora. Nakuheshimu, kaka, na simtilii shaka mweka hazina huyo. Lakini hebu jiulize ni wanachama wangapi wanaoweza kutaja sasa hivi, bila kumpigia yeye simu, kiasi kilichopo benki. Kama ni wengi, kikundi chenu kina afya na kitahimili mabadiliko. Kama ni yeye peke yake, basi usalama wenu ni afya yake tu. Akiugua mwezi mmoja mtafanyaje?

Mwingine amesema tatizo langu ni la zamani, dawa ni simu: huduma ya akiba ya kikundi kwa simu kama M-Koba haitoi fedha mpaka walioteuliwa waidhinishe. Ni maendeleo, sikatai, na hela haiibiwi na kibaka wa usiku. Ila namba ya siri ni ufunguo, na ufunguo mimi niliutoa kwa hiari. Wapo watu ambao namba zao za siri zimeandikwa nyuma ya daftari la katibu "ili wasisumbuliwe". Mkienda kwa mtindo huo, mmehamisha lile pindo la kanga kwenda kwenye simu.

Aliyenitikisa kweli ni dada aliyesema ukomo unaleta kampeni: watu wanaanza kugawa soda, makundi yanazaliwa, na kikundi kilichokuwa cha upendo kinakuwa cha siasa. Nakubaliana naye nusu. Kwenye kikundi nilichomo sasa tumeona dalili hizo, ndiyo maana tunapiga kura ya siri kwa kokoto, wagombea wasiopungua wawili kila nafasi, na jina linapendekezwa palepale kikaoni, hakuna wiki za kutafuta kura. Bado kuna manung'uniko. Nikilinganisha na kimya cha mwaka wetu wa tano, nachagua manung'uniko.

Mzee mmoja amekasirika, anasema tunawadhalilisha waanzilishi. Shikamoo mzee, na naomba unielewe. Lugha yetu inalo neno la heshima kwa jambo hili, kung'atuka, lililotoka Kizanaki na kutufikia sote kwa Mwalimu Nyerere alipoachia urais mwaka 1985. Hakupotea siku hiyo, alibaki mwenyekiti wa CCM mpaka 1990. Mwanzilishi naye anaweza kubaki mlezi: anakaa kikaoni, anashauri, anasuluhisha. Asishike ufunguo, asipokee hela kwenye simu yake, na asipitishe mkopo. Huko ndiko kumtunza jina. Yule mama wetu, kama tungempumzisha mwaka wa tatu, leo angekuwa anasimuliwa kwa sifa mtaa mzima. Ninapomwona anakatiza njia nyingine ili asipite mbele ya duka langu roho inaniuma, kwa sababu najua nilichangia.

Yupo pia aliyesema vikundi vife tu, ndiyo maumbile, watu wataanzisha vingine. Kwa mwenye mshahara, sawa. Kwa mama anayeuza mboga, kikundi kikifa mwezi wa kumi na moja, ada ya Januari anaitafuta kwa mkopeshaji wa mtaani.

Kuna jambo moja ambalo hamjaligusa, na ndilo linalotusumbua kwenye kikundi kipya. Mwenyekiti tunaweza kumbadilisha. Wenye funguo tunawabadilisha kila mzunguko. Katibu je? Tuko 18, na wanaoweza kuandika daftari la hisa na mikopo bila kukosea ni wawili, mmoja wao hataki. Ukomo ukimfikia katibu wetu, ama tuanze kumfundisha mtu leo, tena kwa mwaka mzima akikaa pembeni yake na daftari la pili, ama tudanganyane kwamba tumebadilisha wakati yeye ndiye anayeandika usiku nyumbani kwa mwenzake. Wenye vikundi vilivyowahi kumbadilisha katibu na hesabu zikabaki sawa, mlianzia wapi, na ilichukua vikao vingapi?