Tupeane uzoefu: kijibwa chenye ugonjwa wa kongosho, mnaishi nae vipi huku visiwani?

Mama Kashata, Mbweni

Habari za saa hizi jamani. Naomba wenye mbwa wadogo tukutane hapa, maana mtaani nikisema mbwa wangu yuko kwenye dayati watu wanacheka mpaka wanakaa chini.

Kashata ana miaka 7, kilo 5 na kidogo, pudo aliyechanganyika na sijui nini, nilikuja nae na boti tulipohamishiwa huku kikazi. Siku ya tatu ya Idi Kubwa usiku akaanza kutapika, mara ya kwanza chakula, halafu povu la njano, halafu anajikamua tu hakitoki kitu. Tumbo gumu, ukimgusa analia. Na alikuwa anakaa ule mkao wa mikono chini kiuno juu, wazungu wanauita mkao wa kuomba, mimi nikadhani anatafuta kitu chini ya kabati. Kumbe ndio maumivu yenyewe, anajaribu kulipumzisha tumbo.

Asubuhi dokta swali la kwanza, amekula nini? Nikasema chakula chake cha siku zote. Mtoto wangu wa miaka 6 akasema hapana mama, alipewa yale meupe ya ng'ombe. Majirani walichinja, watoto wakamletea shahamu bakuli zima kwa mapenzi tu. Dokta akanieleza vizuri, kongosho linatengeneza maji ya kusaga chakula, na maji yale yanatakiwa yaanze kazi yakishafika kwenye utumbo. Likiumwa yanaanza kazi humo humo ndani, linajisaga lenyewe. Nilitoka pale miguu haina nguvu.

Alikaa kwenye dripu siku 3, sindano ya kuzuia kutapika, sindano ya maumivu. Damu ilipelekwa Dar na boti ya asubuhi kwenye kulboksi yenye barafu, majibu yanarudi mwenyewe ameshasimama anabwekea paka. Sasa ni mwezi wa nne tangu siku ile na juzi imerudi tena, hafifu lakini imerudi, na nimegundua mama mkwe huwa anamkatia chapati kila asubuhi chini ya meza. Nyie mnafanyaje?

Yakhe wa Paje

Dada pole sana. Mie wangu nimerithi. Nalinda nyumba ya mzungu, kaondoka na kusema narudi miezi mitatu, huu mwaka wa pili, kaniachia kijibwa cha manywele aina ya Yorkshire na kabati la makopo. Makopo yakesha. Hapo nikafanya nilivyoweza yakhe, nna rafiki yangu yuko jikoni hotelini, kila jioni ananletea mabaki ya bufee kwenye ndoo, soseji, mayai ya kukaanga, ngozi za kuku, keki. Kijibwa kikanenepa kikawa kama mto, watu wakipita wanasema huyu anakula kuliko sie. Nami nafurahi, nasema mwenyewe akirudi ataona amana yake imetunzwa.

Basi siku moja nakuta kimelala uani hakinyanyui kichwa, fizi zimekauka, ukivuta ngozi ya shingo inabaki imesimama hairudi. Nikamtumia mzungu picha, akanpigia analia, kafanya mipango kutoka huko huko dokta akaja na gari. Dokta kaangalia ile ndoo tu akatikisa kichwa. Hakusema mengi, ila nliona aibu wallahi.

Kwa hiyo jibu langu mie ni dogo: ndoo nishaikataa. Sasa anakula kuku kifua wa kuchemsha bila ngozi na wali, mara nne kwa siku kidogo kidogo, na yule rafiki yangu nshamwambia ukimpenda mpige picha usimpe kitu.

Bibi wa Shangani

Watoto wangu, mimi nimefuga mbwa mjini humu toka enzi ngazi zetu hazijaanza kuoza. Huyu wa sasa ni shnauza mdogo, jike, miaka 9. Hii mbegu inajulikana kwa hilo, mafuta ya damu yao yanapanda hata ukimlisha vizuri, yale wanayoita traiglisaridi. Kwa hiyo kama una shnauza usingoje aumwe, mpimie damu akiwa hajala masaa 12. Wangu damu yake ilikuwa kama maziwa kwenye kile kichupa, nimeiona kwa macho yangu.

Chakula sasa, maana hapo ndipo penye kazi. Mimi sitegemei mifuko ya kuagiza, leo ipo kesho haipo, na ukiipata soma nyuma, ukikuta mafuta yamepita asilimia 10 rudisha rafuni. Napika mwenyewe. Nachukua chewa, nyama yake nyeupe haina mafuta mengi, namchemsha kwa maji matupu, natoa miba kwa vidole na miwani yangu nimevaa. Jodari pia anafaa ile minofu. Vibua simpi, wana mafuta. Wali nausonga mashendea kabisa, na wali wenyewe usiwe na tui, hapa ndipo wengi wanapoanguka, wanasema nimempa wali tu mama, kumbe wali wa nazi. Tui zito ni mafuta yale! Naongeza boga la kuchemsha kipande. Chumvi hakuna, kitunguu hakuna kabisa, kitunguu ni sumu kwa mbwa hata asiyeumwa.

Ukitaka kumpa supu ya kuku ipoze, iweke kwenye friji usiku mzima, asubuhi lile tabaka la juu limeganda linyanyue kwa kijiko ulitupe. Umeme ukikatika siku hiyo hapati supu, basi.

Ila chakula cha aina moja miaka nenda rudi hakimtoshi mbwa, dokta wangu ananiandikia vitamini na kalsiamu ya kuongezea. Msipike kwa kukisia mkadhani mmemaliza.

Krismasi ndio vita. Nyumba ina wageni ishirini, kila mmoja anadhani yeye peke yake ndiye aliyempa kipande cha nguruwe. Mwaka jana nimemfungia chumbani kwangu na redio, nikaweka ufunguo kifuani.

Mwana wa Wete

Hehehe bibi, ufunguo kifuani nimeipenda.

Sie huku Pemba tatizo letu jengine. Madokta wa mifugo wapo na wanajua kazi, lakini kazi yao ng'ombe, mbuzi na kuku, ukimpelekea kijibwa cha kilo 4 anakuangalia kwanza wewe. Wangu alipotapika siku 2 nilisoma soma kwenye simu nikajipa jibu, kongosho hiyo. Dokta alikuja nyumbani, mstaarabu sana, dripu tukaitundika kwenye msumari wa chandarua, mie nimekaa sakafuni namshika mguu mpaka alfajiri. Halafu akamkagua masikio akakuta kupe wanne wamenona. Akachukua damu akaitazama kwenye hadubini yao ya mifugo, ikawa homa ya kupe. Kongosho hana hata kidogo! Sindano ya kupe akapata, siku ya tatu anakula.

Ndo nasema jamani msikimbilie jina la maradhi. Kutapika kuna mambo mengi, kupe, sumu ya panya, mfupa, minyoo, na kama mtoto wa mbwa hajachanjwa basi kuna ile parvo, maradhi ya virusi, inaua haraka. Na nliambiwa hata kipimo chenyewe cha kongosho peke yake hakitoshi, anaangalia na dalili na ikiwezekana picha ya tumbo.

Kaka Fuoni

Mimi naona mnajisumbua. Mbwa akitapika mfungishe siku 2 hata maji usimpe, tumbo lipumzike, atapona. Babu yangu alikuwa msasi, mbwa wake wote alitibu hivyo.

Mama Kashata, Mbweni

Kaka kwa heshima zote hilo la maji hapana. Anapoteza maji kwa kutapika halafu wewe umnyime tena? Hata mimi nilijua ni kumfungisha, dokta akaniambia zamani ndivyo walivyofundishwa lakini siku hizi wakishazuia kutapika wanamrudisha kwenye chakula mapema, kidogo na kisicho na mafuta, utumbo usikae bure. Kashata alianza kulishwa siku ya pili na dripu bado iko mkononi. Mbwa wa usasi wa babu wakikimbia porini kutwa hawakuwa na shahamu ya kuhesabu pia.

Kaka Fuoni

Sawa dada nimeelewa, ya maji nafuta. Ila ya babu yangu usiyaguse.

Asiyetaka jina, Kiembe Samaki

Nilikuwa nasoma tu. Wangu alikufa mwaka juzi. Usiku analia kwa maumivu, boti hakuna, dokta simu haishiki, nikaona kuna diklofenaki ya mgongo wa baba nikampa nusu kidonge kwenye kijiko cha maji. Nilidhani namsaidia. Asubuhi anatapika damu. Dokta alisema dawa zile za binadamu za maumivu zinachana tumbo la mbwa na kuua figo, na kwa aliyeishiwa maji ndio mbaya zaidi. Hata brufen ni vivyo hivyo. Panadol nayo usimpe kwa kichwa chako.

Sina la kuongeza. Ziwekeni mbali.

Bibi wa Shangani

Pole mwanangu. Pole sana. Ulikuwa unampenda.

Mtu wa Jang'ombe

Pole ndugu yangu.

Niseme la kwangu ambalo halijatajwa, nalo ni lile linalokuja baadae. Wangu alipata kongosho mara 3 ndani ya miaka miwili, ya mwisho ikapona vizuri, tukashangilia. Baada ya hapo akaanza kukonda. Anakula kama mwizi, anakula mpaka mavi yake mwenyewe samahanini, na anakonda. Kinyesi kingi mno, cheupe cheupe kina mafuta, harufu ya nyumba nzima. Nikadhani minyoo, nikatoa dawa ya minyoo mara mbili. Kumbe kongosho limechoka, halitoi tena yale maji ya kusaga, chakula kinapita tu kama mgeni wa mlango wa nyuma. Wengine linachoka upande wa sukari, wanaishia kuchomwa insulini.

Dawa yake ni unga wa kuchanganya na chakula kila mlo, maisha yote. Unga upo ila bei yake ukiisikia unakaa kitako. Dokta akanambia kuna njia ya pili, kongosho bichi la ng'ombe. Nikaenda kwa mchinjaji alfajiri, namwambia nataka kongosho, haelewi, namchorea, mwisho akasema aaah kile kinyama tunatupa! Ananiwekea. Nakatakata vipande vya kipimo alichonipa dokta, nagandisha kwenye friza, kila mlo natoa kimoja nakiyeyusha nachanganya. Usikipike, ukikipika nguvu yake inakufa. Na ng'ombe awe kapita kwa mkaguzi wa nyama. Mwezi wa pili mbavu zikaanza kujificha.

Msomaji wa Chake

Nna swali la kando msinicheke. Mie mwislamu, mke wangu hataki kabisa, anasema nikimpa dawa mdomoni nnatoka pale na najisi siku nzima. Mnafanyaje wenzangu?

Yakhe wa Paje

Hakuna wa kukucheka, sote tumo humo. Mate yake kwetu Shafii ni kuosha mara 7 moja kwa udongo, linajulikana. Mie nna kanzu ya kazi na glavu za mpira, kidonge nakisaga nachanganya na kijipande cha kuku nampa kwenye bakuli, simtii kidole mdomoni. Bakuli lake lina bomba lake uani, ndoo ya mchanga ipo pembeni, nguo ya swala ipo ndani haitoki. Shekhe wetu nlimuuliza akanikumbusha ile hadithi ya aliyemnywesha mbwa maji akasamehewa. Kumhudumia si tatizo, kujisafisha ndo kunakuhusu weye.

Msomaji wa Chake

Allah akulipe. Ntamsomea mke wangu hii usiku, nyuma ya mlango.

Mama Kashata, Mbweni

Jamani nimerudi, nawashukuru kweli. Nimefanya hivi: nimebandika karatasi kwenye friji, kila anayemlisha anaandika saa na alichompa, hata mtoto. Chakula cha siku nzima nakipima asubuhi nakiweka kwenye kopo moja, mtu akitaka kumfurahisha achote humo humo, kopo likiisha siku imeisha. Mama mkwe nilidhani atanuna. Alikaa kimya siku mbili, ya tatu nikamkuta jikoni anachambua miba ya samaki kwa miwani, anasema chapati zangu zimekatazwa basi nifundisheni hizo za hospitali.

Karatasi ya jana imeandikwa kwa mkono wake, "saa 4, chewa vijiko 2, ameomba zaidi nimekataa".

Bibi wa Shangani, huyo chewa unamnunua kwa nani pale Darajani? Mie kila nikifika saa 3 nakuta vibua tu.

Bibi wa Shangani

Saa 3 mwanangu ni mchana. Njoo saa 12 na nusu, upande wa mnadani, usimsikilize wa mlangoni.