Ukoo wa Mzee Kombo: mbona rais alichelewa miaka 13?

Rehema (Minnesota): Shikamooni wakubwa. Usaili wangu wa uraia wa Marekani ni mwezi ujao, nakariri maswali huku nangoja basi. Mjomba Salim, nitoe tongotongo. Uhuru walitangaza 1776, Washington kaapishwa rais wa kwanza 1789. Katikati hapo rais alikuwa nani?

Mjomba Salim: Marahaba mama. Hakuwepo. Kongresi, yaani bunge lao, ilikuwa na mwenyekiti, wakimwita rais, ila kazi yake kuongoza vikao tu.

Faridi: Nchi bila serikali mjomba??

Mjomba Salim: Kwanza walikuwa vitani. Tangazo la uhuru lilipita Philadelphia tarehe 4 Julai 1776, lakini Mwingereza hafungashi virago kwa sababu ya karatasi. Jeshi lake lilisalimu amri Yorktown Oktoba 1781, tena meli za Wafaransa zikiwa zimemfungia njia ya bahari. Mkataba wa amani, Paris, Septemba 1783.

Rehema: Hayo ninayo. Na chai iliyomwagwa bandarini Boston 1773, makasha 342.

Mama Zuhura: Chai yote hiyo baharini? Israfu!

Faridi: Mama tuache kwanza 😂 Baada ya vita je?

Mjomba Salim: Hapo ndipo penye utamu. Walikuwa na mkataba wa muungano ulioanza kazi 1781. Hauna mahakama za taifa za maana, na Kongresi hairuhusiwi kutoza kodi hata senti. Watu waliopigana kwa sababu ya kodi za London hawakutaka London nyingine nyumbani kwao. Kongresi ikikwama, inaandikia majimbo barua ya kuomba.

Mama Zuhura: Na majimbo yanajibu "tumeona, mwisho wa mwezi". Mimi mweka hazina wa harusi ya Mwanaidi nawajua watu hao, wengine wamo humu humu.

Baba Mdogo Hamisi: 🙈

Mjomba Salim: Ndiyo hivyo dada. Madeni ya vita yanadaiwa, askari wanadai mishahara. Wakajaribu ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za nje. Kubadili mkataba kulitaka majimbo yote 13 yakubali, na Rhode Island, kajimbo kadogo kuliko yote, kakagoma. Ushuru ukafa.

Kisha 1786 huko Massachusetts wakulima wenye madeni, wengi askari wa zamani, wakavamia mahakama zisiendelee kuwanyang'anya mashamba. Daniel Shays ni mmoja wa viongozi wao. Kongresi haikuwa na jeshi la maana la kupeleka. Wanamgambo walilipwa kwa michango ya matajiri wa Boston. Wakubwa wakashtuka. Mei 1787 wajumbe wakakutana Philadelphia, eti kurekebisha mkataba. Vikao vya siri, kiangazi kizima. Septemba 17 wakatoka na katiba mpya kabisa! Walihudhuria 55, wakatia saini 39.

Baba Mdogo Hamisi: Shemeji, hao walitumwa kuziba ufa wakajenga ukuta.

Rehema: Kitabu changu kinasema tu "Katiba iliandikwa 1787" basi. Na watumwa, mjomba?

Mjomba Salim: Walihesabiwa, hawakuachwa huru. Majimbo ya kusini yalitaka wahesabiwe wote ili yapate viti vingi bungeni. Wakaafikiana watumwa watano wahesabiwe watatu. Kongresi ikazuiwa pia kupiga marufuku uingizaji wa watumwa kabla ya 1808. Nilipokuwa nafundisha, hapo nilikuwa nawaambia wanafunzi wasome polepole.

Rehema: Mmh.

Baba Mdogo Hamisi: Wananchi walipiga kura? Wakenya 2010 walipiga.

Mjomba Salim: Katiba ilipelekwa kwenye mikutano maalumu, kila jimbo na wa kwake, wajumbe wakichaguliwa kwa kazi hiyo. Na safari hii hawakungoja wote 13: yakitimia 9, inaanza kazi. Delaware ikatangulia Desemba 1787, New Hampshire ikawa ya 9 Juni 1788. New York ilipita kwa tabu, 30 kwa 27. Wengi walilalamika kwamba haki za raia hazikuandikwa, ndiyo maana 1791 yakaongezwa yale marekebisho 10.

Faridi: Na Rhode Island?

Mjomba Salim: Nilijua utauliza 😄 Kule Philadelphia haikupeleka mjumbe hata mmoja. Machi 1788 ikawauliza wananchi kwa kura, wakaikataa katiba. Washington anaapishwa New York tarehe 30 Aprili 1789, wao wako nje. Wakaingia 29 Mei 1790, kura 34 kwa 32.

Faridi: Mwaka na ushei! Kilichowalainisha nini?

Mjomba Salim: Biashara. Seneti ilishapitisha muswada wa kuwafungia biashara, na Providence, mji wao wenyewe, ukatishia kujitenga na jimbo.

Rehema: Basi limefika. Kesho majaji wa Mahakama Kuu mjomba, usilale mapema.