Mindimu inatoa majani machanga ya njano, mishipa imebaki kijani. Niweke nini?

Mwambao: Wakuu, naombeni ushauri. Mindimu ya miaka miwili, ardhi ya mawe ya matumbawe, pH 8.2 (kipimo cha uchachu; juu ya 7 udongo si mchachu), maji ya kisima. Majani ya kileleni yamepauka, mishipa ya kijani inaonekana kama wavu. Ya chini mazima. Nimeweka urea na majivu, hali inazidi. Mahindi ya pembeni yamekoza kijani! Naambiwa nifukie misumari shinani.

Mzizi Mkavu: Upungufu wa chuma huo. Chuma hakihami kwa urahisi kutoka jani kuukuu, ndiyo maana chipukizi huumia kwanza. Ingekuwa magnesiamu, yangeanza ya chini. Chuma kimo ardhini tele, ila kwa pH hiyo kimeganda kama kutu. Mzizi wa mndimu hutoa tindikali kukiyeyusha, kisha hukibadili umbo kabla ya kukinyonya. Bikaboneti (chumvi itokanayo na chokaa) ya udongo na ya kisima inaizima tindikali hiyo. Mahindi, kama nyasi zote, hutoa kemikali inayokamata chuma cha kutu na kuingia nacho mzizini. Misumari ni kuongeza kutu juu ya kutu. Majivu acha leo, yanapandisha pH.

Bomba20: Hakikisha kwanza. Gramu 5 za salfeti ya chuma kwa lita 1 ya maji ya mvua, paka nusu ya jani jioni. Siku 7 hadi 10 upande uliopakwa ukikoza kijani, ndicho chenyewe. Maji yakigeuka kahawia, mwaga. Ukipulizia jua kali jani linaungua. Na chipukizi litakalofuata litatoka njano tena, kwa hiyo utarudia.

Mzizi Mkavu: Tiba ya kudumu kidogo ni cheleti ya chuma, yaani chuma kilichoshikwa na kemikali kisigande, na soma kifungashio: iandikwe EDDHA, jina la kemikali inayoshika. EDTA huachia chuma pH ikipita 6.5 hivi, DTPA 7.5, EDDHA huvumilia hadi 9. Gramu 20 kwa lita 10, maji yanakuwa mekundu kama juisi ya choya. Mimina kwenye kijifereji chini ya ncha za matawi, ufukie papo hapo; mwanga huiharibu. Usituamishe maji, maana hewa chafu ya mizizi ikikosa pa kutokea huzidisha bikaboneti.

Mwambao: Na urea?

Bomba20: Badili, weka salfeti ya amonia. Mzizi ukinyonya amonia hutoa tindikali; ukinyonya naitreti (umbo jingine la naitrojeni), pH ya pembeni yake hupanda. Ifukie sentimita 5, la sivyo kwenye chokaa hiyo itapotea hewani.