Simu za intaneti maofisini: mkishauza mnatoweka, simu ikigoma tumshike nani?

Wakuu, salaam.

Nimevumilia vya kutosha. Kama humu kuna mtu anayeuza hizi huduma za kupiga simu kwa intaneti kwa maofisi ya Kampala, avute kiti asome mpaka mwisho, maana wateja wenu tumechoka kupigwa danadana.

Sisi ni ofisi ya kutoa mizigo. Mzigo unateremka Mombasa, unavuka Malaba au Busia, mwingine unaishia hapa Uganda na mwingine unaendelea Bunia, Beni, Butembo. Kazi hii ni simu. WhatsApp tunayo, barua pepe tunazo, lakini dereva akizuiwa mpakani kwa karatasi moja, au wakala wa Mombasa akitaka jibu kabla siku za bure za kontena (za kukaa nalo bila kutozwa) hazijaisha, anapiga namba ya ofisi. Namba yetu ya mezani, ile ya 0414, imo kwenye mihuri, kwenye milango ya malori, kwenye risiti za tangu enzi za marehemu mzee. Wafanyabiashara wa Kongo wameishika kichwani.

Akaja kijana mtanashati, kishikwambi mkononi. Laini za waya zimepitwa na wakati, bosi. Ulaya wanazizima. Simu za ndani kwa ndani bure. Mtu wako akiwa Malaba anapokea kwenye simu yake ya mkononi kana kwamba yuko mezani kwake. Sibishi, hayo yote ni kweli. Ila hakusema kwamba Uingereza walipanga kuzima laini zao za zamani Desemba 2025, kisha wakasogeza hadi Januari 2027, kwa sababu kuna wazee na wagonjwa ambao vifaa vyao vya kuitia msaada vinategemea waya huo huo. Nchi nzima imejipa muda zaidi ili watu wasikwame. Sisi tuliambiwa tusaini Ijumaa, Jumatatu tuhame.

Umeme kwanza, na hapa sikawii. Simu ya zamani inapata umeme kutoka kituo cha simu kwa waya ule ule wa sauti, volti 48, na betri wanazo wao. Umeme wa jengo ukienda unapapasa gizani, unainua mkonga, mlio upo. Hii mpya inataka umeme kwenye kisanduku cha faiba, kwenye ruta, kwenye swichi, na kwenye simu yenyewe. Kimoja kikizima, ofisi nzima bubu. Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, ikiisha saa nne asubuhi na mhasibu yuko benki, mteja anaambiwa hatupatikani. Kwenye makadirio yao ya bei betri ya akiba haikutajwa hata kwa herufi ndogo. Nilipouliza nikajibiwa, "Hiyo ni ya upande wenu, bosi."

Sasa njooni kwenye sauti.

Tuna mteja wa Butembo, mama wa heshima, anauza vitenge, na hapendi kurudia neno. Anapiga. "Allô, patron?" Najibu. "Allô? Patron, siko nasikia!" Mimi namsikia vizuri kabisa, namsikia mpaka jogoo anayewika nje kwake. Yeye hasikii hata pumzi yangu. Anakata, anapiga tena, hali ni ile ile. Kabla hajakata mara ya mwisho nikamsikia anamwambia mtu wa pembeni, "Hawa walifunga biro (ofisi). Twende kwa ule mwingine." Nimeshika mkonga, mteja ananihama masikioni mwangu, na siwezi kumwambia kitu.

Napigia kampuni ya simu. Mtandao wenu ndio mbovu, ongezeni kifurushi. Napigia kampuni ya intaneti. Sisi tumepima huku, kila kitu kijani, ulizeni watu wa simu. Nampigia fundi aliyefunga. Ruta si yangu, mimi nilifunga simu tu. Na kila mmoja anakufungulia tiketi yake, anakutumia namba ndefu ya tiketi, kisha tiketi inafungwa kimya kimya kwa maneno "tatizo limetatuliwa". Limetatuliwa na nani?

Eti ongeza kifurushi! Ikabidi nimtafute fundi wa pembeni, wala si mtu wao, akanieleza kwa lugha ya binadamu. Mazungumzo ya simu moja, hata kwa ubora ule mkubwa, hayafiki kilobiti 100 kwa sekunde kila upande. Simu zetu zote zikilia kwa pamoja hazimalizi hata robo ya kile tunacholipia. Shida ni kwamba sauti inakatwa vipande vidogo, kwa kawaida 50 kila sekunde, na kila kipande lazima kifike kwa wakati. Kikichelewa kinatupwa, hakuna wa kukisubiri. Video inaweza kusimama ikajipanga, mtu anayeongea hawezi. Na kwetu kamera za ulinzi zilikuwa zinapandisha picha intaneti mchana kutwa na kuziba njia nzima ya kutokea. Juu ya hapo ruta ilikuwa na kitu kinaitwa SIP ALG, ambacho kazi yake ni kusaidia simu zipenye, lakini kwenye ruta nyingi kinavuruga anwani zilizomo ndani ya ujumbe wa simu, matokeo yake upande mmoja unasikia na mwingine hausikii. Yaani yule mama wa vitenge.

Fundi akakizima. Akaipa sauti kipaumbele mbele ya kamera. Akanywa soda, akalipwa, akaondoka. Tangu siku ile hatujasikia tena "siko nasikia". Ninyi wenye ofisi za vioo na wapokea simu wa zamu, mlishindwa nini?

Lakini bado, maana kuna tatizo la pili, sauti kuchelewa, na hilo hakuweza kuligusa. Mnaongea, kisha kuna ukimya mdogo, kisha nyote wawili mnaanza kwa pamoja, mnagongana, mnanyamaza pamoja, mnaanza tena pamoja. Kumbe mtambo unaounganisha simu zetu umekaa Ulaya. Nampigia mtu wa Jinja, hapo mbele tu baada ya Mabira, sauti inakwenda Ulaya, inarudi, ndipo inafika Jinja. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomo mmoja hadi sikio la pili. Piga hesabu ya safari hiyo, ongeza foleni za njiani. Mteja wa Mombasa hajui mambo ya mitambo. Anachojua ni kwamba namkata kauli, na watu wa Pwani kumkata mtu kauli ni utovu wa adabu.

Halafu sisi hatuna bahari. Intaneti yetu inaingia kupitia kwa majirani. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, Afrika Mashariki nzima ilitambaa. Na Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ya nchi ilizimwa tarehe 13 ikarudi tarehe 18, huku simu za kawaida zikiendelea kuita. Niliuliza, mtambo uko nje na intaneti ikizimwa, namba yangu itaita wapi? Kijana mtanashati akacheka. "Hiyo ni siasa, bosi." Mimi siulizi siasa, nauliza malori yangu yaliyoko njiani.

Na lile la "bure" mlifute kwenye matangazo yenu. Kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza Julai 2018 iliondoka, ni kweli, lakini mwaka 2021 ikaja ushuru wa asilimia 12 juu ya data yenyewe. Kila dakika "ya bure" mtu ameshailipia mahali.

Namba ya 0414 je? Kabla ya kusaini, "itahama nanyi". Baada ya kusaini, tukapewa namba mpya, na ile ya zamani ikawekwa kuelekeza simu huku, kwa malipo, kwa kila simu inayoingia. Kwa hiyo nalipia laini ya zamani, nalipia mpya, na nalipia daraja la katikati.

Kitu kingine kwa haraka, wenzangu wenye maofisi mkague leo. Simu zilifungwa na nywila ya kiwandani, ya simu ya mapokezi ni namba yake mwenyewe ya ndani. Kuna wezi kazi yao ni kupekua mitambo ya namna hii duniani kote usiku, wakiingia wanapiga namba za ghali za nje mpaka alfajiri na ankara inakuja kwako. Yule fundi wa soda ndiye aliyezibadilisha.

NYONGEZA, kwa mnaoniambia nirudi kwenye waya kama naupenda sana. Sijasema zamani ilikuwa peponi. Mvua ikinyesha laini ilikuwa inakaanga mandazi, na wezi wa shaba walishatuacha bila simu zaidi ya mara moja. Lakini nilikuwa namjua wa kumshika. Waya ni wao, nguzo ni yao, kituo ni chao, nilikwenda kwenye dirisha moja nikapiga kelele na mtu akapanda nguzo. Teknolojia yenyewe naitaka, hiyo ya kupokea simu ya ofisi nikiwa Malaba imenisaidia sana. Nisichokubali ni kulipa watu watatu halafu simu iwe haina mwenyewe.

Kwa hiyo nauliza wadau. Nani anauza huduma hii na mtambo uko hapa hapa Kampala, yeye mwenyewe anasimamia ruta, betri ya akiba imo kwenye bei, na mkataba unataja kwa maandishi kwamba simu zikikatika kwa saa kadhaa anarudisha kiasi gani? Pia nani amefanikiwa kuhamisha namba ya 0414 bila lile daraja la kulipia?

Wauzaji, wekeni bei hapa hapa hadharani. Inboksi sifungui.