Bunge laivu mlituzimia, kodi mbona hamjazima?

Wakuu, leo nina hasira zangu, asiyependa apite kushoto.

Jana kijiweni dogo ananiuliza eti Richmond ndo kitu gani. Nikamwambia ni ile kashfa ya mkataba wa umeme wa dharura, Februari 2008 Tanzania nzima ilisimama, ofisini watu wamesogeza viti, baa wamezima muziki, mbunge Mwakyembe anasoma ripoti ya kamati teule ya Bunge na sisi tunamwona laivu kwenye televisheni ya taifa, haikupita muda Lowassa kajiuzulu uwaziri mkuu. Hakuna aliyetuhadithia. Escrow 2014, kashfa ya hela za akaunti ya Tegeta Escrow, vilevile. Dogo akacheka, "braza unatupiga kamba." Hajawahi kuona kitu kama hicho toka apate akili!

Januari 2016 Nape, waziri wa habari wa wakati huo, akasimama bungeni, eti TBC, shirika letu la utangazaji, haionyeshi tena Bunge laivu, gharama, zaidi ya bilioni 4 kwa mwaka, mtawekewa "Leo katika Bunge" usiku. Yaani mbunge nimempigia kura mimi halafu mtu mwingine akae na mkasi anichagulie dakika za kumsikia?? Na gharama gani wakati ziara na uzinduzi mnatupa laivu toka asubuhi mpaka jua linazama, hiyo satelaiti ya ziara ni ya bure?

Najua kuna mtu atakuja hapa na "wabunge walikuwa wanauza sura". Wauze! Si ndo nijue nani muuza sura na nani anafanya kazi. Halafu 2017 huyohuyo Mwakyembe akapewa wizara ya habari, nikasema aah sasa mambo yanarudi. Wapi.

Na habari za "kaangalie Bunge YouTube" msiniletee. Bi mkubwa wangu kijijini ana redio ya betri, kule inashika TBC Taifa basi, bando anaisikia kwa wajukuu tu. Redio binafsi inafuata matangazo ya biashara, haidaiwi kitu na bi mkubwa, ila TBC inadaiwa, ndo maana ni shirika la umma na sio idara ya kumsindikiza kiongozi. Katiba ibara ya 18 inasema ana haki ya kupewa taarifa wakati wote, sijaona palipoandikwa "zikishachujwa" wala "akishalala".

Wa TBC humu mpo, msijifanye wageni. Nijibuni moja tu: hizo bilioni 4 za kila mwaka mlizookoa zilinunua nini?