Msimu wa besiboli una mechi 162: tupeane uzoefu wa kuusoma bila kupaniki

Kijana wa Muyeye

Wapenzi wa besiboli hapa Malindi, na nyie wa Lamu mnaochungulia bila kusema neno, karibuni. Kila Aprili ni yale yale. Timu ikishinda nane mfululizo watu wanagawa kombe, ikipigwa tano wanataka meneja afukuzwe. Uzi huu ni wa mbinu: jedwali linasomwaje, panda-shuka inatokana na nini, na mtu wa huku anafuataje ligi ya Marekani bila kukesha kila siku. Leteni hesabu na sababu. Nani alilia lini, hayo tuyaache barazani.

Bin Maweni

Tuanze na saa, maana hapo ndipo wageni wengi wanapokata tamaa.

Msimu unaanza mwisho wa Machi, wakati Wamarekani wameshasogeza saa zao mbele. New York na Boston wako nyuma yetu kwa saa 7, Chicago na Houston saa 8, Los Angeles na Seattle saa 10. Kwa hiyo mechi ya saa 1:05 jioni ya New York kwetu ni saa 8:05 usiku. Hiyo mwachie mlinzi. Lakini mechi ya saa 1:10 jioni ya Los Angeles inaanza kwetu saa 11:10 alfajiri: unatoka msikitini unaikuta mwanzoni, na kabla ya saa 2 asubuhi mara nyingi imekwisha. Jumapili ndiyo siku yetu hasa. Timu nyingi za mashariki hucheza saa 7:35 mchana kwao, sawa na saa 2:35 usiku kwetu, Isha imeshaswaliwa.

Mtego uko Novemba. Jumapili ya kwanza ya mwezi huo wanarudisha saa nyuma, tofauti inakuwa 8 na New York. Fainali, yaani World Series, ikivuka tarehe hiyo, anayetega kengele kwa mazoea anaamka mapema saa nzima.

Fundi Simu Barani

Naongeza habari ya bando. Sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde inakula kama MB 29 kwa saa, kwa hiyo mechi ya saa 2 na dakika 40 haifiki MB 80. Video ya megabiti 1.5 kwa sekunde inakula kama MB 675 kwa saa, mechi moja GB 1.8. Zidisha kwa 162 uone: karibu GB 290 kwa timu moja. Fuata kwa sauti na maandishi, video weka ya Jumapili. Na umeme ukikatika, simu yenye chaji nusu inamaliza mechi ya sauti, televisheni haikusaidii kitu.

Maalim Hesabu

Sasa jedwali. Safu inayosumbua watu ni ile ya pengo la mechi, yaani timu iko mechi ngapi nyuma ya kinara. Kanuni yake: chukua tofauti ya ushindi, jumlisha tofauti ya vipigo, gawa kwa 2. Kinara ana ushindi 60 na vipigo 40, wa pili ana 55 na 43. Tofauti ni 5 na 3, jumla 8, pengo ni mechi 4. Kwa kuwa timu hazilingani idadi ya mechi zilizochezwa, pengo linaweza kuwa na nusu. Si kosa la uchapaji.

Wazoefu hutazama safu ya vipigo kwanza. Mechi ambayo hujacheza unaweza kuishinda. Uliyokwisha kupigwa hairudi.

Kuanzia Agosti tumia namba ya ubingwa wa kanda (kundi la timu ndani ya ligi), inayoonyesha kinara amebakiza matokeo mangapi kulitwaa: 163, toa ushindi wa kinara, toa vipigo vya wa pili. Kinara ana ushindi 90, wa pili ana vipigo 66: 163 − 90 − 66 = 7. Kila kinara akishinda inapungua 1, kila wa pili akipigwa inapungua 1, siku yakitokea yote inapungua 2. Tangu 2022 hakuna tena mechi ya 163 ya kuvunja sare. Wanaolingana hutenganishwa kwanza kwa matokeo ya walipokutana wenyewe. Kinara aliyekwisha kumzidi mwenzake huko, namba yake ipunguze 1.

Bi Shella

Maalim, na wale wanaopaniki timu ikipigwa tatu mfululizo? Wapo wengi humu.

Maalim Hesabu

Hao wafanye hesabu hii, Bi Shella. Timu nzuri kweli kweli inashinda mechi 6 katika 10, na mwisho wa msimu ina ushindi kama 97. Uwezekano wake wa kupigwa mara tatu mfululizo, tukichukulia kila mechi peke yake, ni 0.4 × 0.4 × 0.4, yaani asilimia 6.4. Katika mechi 162 mfululizo wa namna hiyo, wa vipigo vitatu au zaidi, unaweza kutarajiwa kama mara 6. Mara sita! Na bado ni timu ya ubingwa.

Kama unataka kujua timu inastahili pale ilipo, acha ushindi, tazama mikimbio, yaani pointi za besiboli. Zidisha mikimbio iliyofunga yenyewe kwa yenyewe, fanya hivyo na iliyofungwa, kisha gawa ya kwanza kwa jumla ya zote mbili. Imefunga 800 na kufungwa 700: 640,000 kwa 1,130,000, ni 0.566. Mara 162 unapata ushindi kama 92. Ikiwa jedwali linaonyesha 100, hiyo timu imebebwa na mechi za mkimbio mmoja, na hizo hazina uaminifu. Baltimore Orioles 2012 walishinda 29 na kupigwa 9 katika mechi za mkimbio mmoja, wakamaliza na ushindi 93. Mwaka uliofuata, katika mechi za aina hiyo walishinda 20 na kupigwa 31, wakaishia 85.

Kocha wa Majengo

Hesabu sawa, lakini timu inaporomoka mkononi mwa mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira. Huko ndiko kwa kuangalia.

Timu huwa na warushaji watano wa kuanza wanaopokezana, kila mmoja akipumzika siku nne au tano. Mwenye afya anaanza mechi kama 30 hadi 33 kwa msimu. Akitoka mmoja, nafasi yake anachukua wa sita, ambaye mara nyingi anaishia awamu ya nne kati ya tisa za mechi. Hapo awamu tano zilizobaki wanazibeba warushaji wa akiba, na kesho yake haohao wamechoka. Ndiyo maana jeraha la mtu mmoja linapoteza mechi ambazo hata hakuwa zamu yake. Watu humlaumu mrushaji wa kufunga mchezo aliyechapwa homurani, mpira wa kupigwa hadi nje ya uwanja, awamu ya tisa. Tazama alirusha mipira mingapi jana na juzi. Aliyerusha 25 au zaidi jana, kwa kawaida leo hupumzishwa. Aliyetumika siku tatu mfululizo ni dalili kwamba meneja hana mtu mwingine.

Dalili ya kuonekana kwa macho: kasi. Mrushaji wa maili 96 kwa saa akishuka hadi 94 mechi mbili mfululizo, na mipira yake inabaki juu wakati mdakaji ameweka glavu chini, kuna uchovu au kuna maumivu. Mkono uliochoka unachelewa, mpira unaachiwa mapema, unapanda. Mpigaji wa daraja hilo hausamehi.

Orodha ya majeruhi nayo ina lugha yake. Wapigaji huwekwa kwa siku 10 kwenda juu, warushaji 15. Ukiona mtu amehamishiwa ile ya siku 60, jua klabu inahitaji nafasi yake kwenye orodha ya wachezaji 40, na yeye usimtegemee karibuni. Ukisikia "Tommy John", funga hesabu: ni upasuaji wa kano inayoshika kiwiko upande wa ndani. Hubandikwa kano iliyotolewa kwingine mwilini, na kurudi uwanjani kwa mrushaji huchukua miezi 12 hadi 18. Wa kwanza kufanyiwa ni huyo Tommy John mwenyewe, 1974, na daktari Frank Jobe.

Mkaa Baraza

Mmesahau historia. Washington Nationals 2019 walianza na ushindi 19 na vipigo 31, wakabeba kombe, na katika fainali na Houston, mechi zote saba mgeni ndiye aliyeshinda. Boston 2011 walikuwa mbele kwa pengo la mechi 9 katika kugombea nafasi ya ziada ya kuingia mchujo mwanzoni mwa Septemba; mwezi huo wakashinda 7, wakapigwa 20, wakatolewa usiku wa mwisho. Na Chicago White Sox 2024 walipigwa mara 121. Kwa hiyo Aprili haina maana.

Kocha wa Majengo

Hapo sikubaliani nawe, ndugu yangu. Mechi ya Aprili ina uzito uleule wa mechi ya Septemba, ushindi ni mmoja. Kisicho na maana Aprili ni *takwimu* za mtu mmoja mmoja, kwa sababu mpigaji amesimama kupiga mara 80 tu. Wastani wa kupiga wa .380 (kufanikiwa mara 38 katika 100) wa wiki tatu unashuka wenyewe. Nationals walipona kwa kuwa walikuwa na Scherzer, Strasburg na Corbin wa kurusha, si kwa kuwa mechi 50 za mwanzo hazihesabiwi. White Sox walianza vibaya na wakamaliza vibaya.

Kijana wa Muyeye

Na dirisha la usajili? Hufungwa mwisho wa Julai au mwanzo wa Agosti, na wengi hulipuuza.

Bin Maweni

Soma hivi: klabu inayouza warushaji wake wa akiba Julai imeshakata tamaa na mwaka huo, hata msemaji wake aseme nini. Mfano mzuri wa kununua ni Atlanta 2021. Ronald Acuña Jr. aliumia goti Julai, nje msimu mzima. Hawakutafuta nyota mmoja wa kumrithi. Walichukua wachezaji wanne wa kulinda eneo la nje la uwanja, wa bei ya kawaida: Pederson, Duvall, Rosario, Soler. Wakamaliza na ushindi 88 tu, wakatwaa kombe. Rosario akawa mchezaji bora wa fainali ya National League, moja ya ligi mbili ambazo mabingwa wake hukutana World Series, na Soler wa World Series yenyewe.

Bi Shella

Basi timu ya ushindi 88 inakuwaje bingwa mbele ya wenye 100?

Maalim Hesabu

Kwa sababu mchujo wa kutafuta bingwa baada ya mechi 162 ni mfupi. Zinaingia timu 12, sita kila ligi. Mbili za juu zinapumzika raundi ya kwanza, nyingine zinacheza mechi 3 nyumbani kwa aliye juu zaidi. Inafuata raundi ya mechi 5, halafu 7, halafu 7. Katika mechi 5, warushaji wawili wazuri wanatosha kumzima yeyote. Los Angeles Dodgers 2022 walishinda 111, wakatolewa 3–1 na San Diego waliokuwa na 89. Mwaka huohuo Philadelphia wenye 87 walifika fainali.

Fundi Simu Barani

Kwa wasioweza kukesha kabisa: ligi ya Japani. Timu 12, mechi 143, na za jioni huanza saa 12 kwao, sawasawa na saa 6 mchana kwetu. Unaifuata kwenye chakula cha mchana. Angalizo moja tu kwa waliozoea Marekani: huko mechi ikifika awamu ya 12 bila mshindi inaandikwa sare, na sare haiingii kwenye asilimia ya ushindi, kwa hiyo kanuni ya pengo ya Maalim inabaki ileile lakini msilinganishe timu kwa idadi ya ushindi peke yake.