Nilifeki kunena kwa lugha, sasa nimepangiwa kuwafundisha wengine. Nifanyeje?

Binti wa Kibo (mleta mada)

Habari za jioni wapendwa. Uzi ni mrefu kidogo mnivumilie, na matusi naomba tuweke pembeni maana hili jambo linaninyima usingizi kweli.

Mimi ni binti wa miaka 27, kwetu Machame, nyumbani ni KKKT (Walutheri) toka enzi za babu. Kipaimara nimepata, kwaya ya vijana nimeimba. 2022 nikahamia Dodoma kikazi, dada niliyepanga naye nyumba moja akanipeleka kanisani kwao, kanisa la kilokole, jina naliacha. Nikapapenda. Neno linafundishwa, watu wanajaliana, nilipougua taifodi walinipikia uji kwa zamu wiki nzima. Nikaokoka, nikabatizwa maji mengi, hilo sijutii hata kidogo.

Shida ni ujazo. Pale huwezi kuhudumu popote, iwe kwaya, iwe kusifu na kuabudu, iwe maombezi, kama hujajazwa Roho Mtakatifu, na uthibitisho wa kujazwa ni kunena kwa lugha, yaani kutamka maneno ya lugha ambayo hujawahi kujifunza. Kuna darasa. Mnafunga siku tatu kavu, siku ya tatu jioni mnaingia chumba cha nyuma mnaambiwa mseme haleluya haraka haraka, msitumie akili, ulimi uachieni. Tulikuwa 14. Wenzangu mmoja mmoja wakaanza kunena, wengine wanalia, wengine chini, mpaka tukabaki wawili, na yule mwingine naye akaanza. Kiongozi kanishika paji la uso, jasho lake linanidondokea shingoni, ananiambia fungua kinywa dada unamzuia Roho. Njaa, aibu, kizunguzungu. Nikafungua kinywa.

Kilichotoka ni Kimachame. Ni yale maneno ya bibi yangu ya kufukuza kuku kwenye ulezi wa mbege aliouanika uani, nikayaendesha haraka na kuyarudia rudia. Chumba kizima wakapiga vigelegele. Halafu mzee mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni akatoa TAFSIRI, eti Bwana anasema kuna mtu humu mlango wake ulifungwa miaka saba, leo unafunguliwa. Watu wakaangua kilio cha furaha.

Toka siku hiyo niko timu ya maombezi, mwaka wa pili huu. Kwenye kesha wenzangu wakinena na mimi nafukuza kuku. Sasa wiki iliyopita nimepangiwa niwe msaidizi wa darasa linaloanza, na kuna kabinti kamemaliza form four juzi tu kamenifuata nje ya kanisa kananiuliza "dada, kwako ilikujaje?" Nilishindwa kumwangalia usoni.

Naomba kuuliza, hivi kunena kwa lugha ni kwa ajili ya nini hasa? Nyumbani hawakunifundisha, hapa nimefundishwa upande mmoja. Na mimi nifanyeje?

kiti_cha_nyuma

Kufukuza kuku 😂😂😂 jamani samahani najua uko siriaz ila nimecheka mpaka mke wangu kaamka. Swali dogo, hapakuwepo Mchaga mwingine humo ndani?

Binti wa Kibo

Alikuwepo mmoja ila ni wa Rombo.

kiti_cha_nyuma

Basi ulikuwa salama 😂 Kirombo na Kimachame wapi na wapi. Nimekaa hapa nasubiri wataalamu.

Mzee wa Zamu

Binti yangu shikamoo zako nimezipokea hata kama hujanipa. Mimi ni mpentekoste miaka mingi, nanena, na sioni haya kusema nanena. Nitakujibu kama baba.

Mafundisho yetu yanasimama kwenye kitabu cha Matendo ya Mitume. Sura ya 2 siku ya Pentekoste, sura ya 10 nyumbani kwa Kornelio, sura ya 19 wale wanafunzi wa Efeso, kote Roho aliposhuka watu walinena. Ndipo wazee wetu wakasema hiyo ndiyo ishara ya kwanza. Ni fundisho lenye historia, mhubiri Charles Parham na wanafunzi wake kule Topeka, Kansas, mwaka 1901, halafu William Seymour, mtoto wa watu waliokuwa watumwa, akaliwasha Los Angeles mtaa wa Azusa 1906, na mpaka leo makanisa mengi ya kipentekoste yamelishika hivyo. Lakini angalia, kunena kuna matumizi zaidi ya moja, na hapo ndipo watu wanapochanganya. Kuna ishara ya ujazo. Kuna maombi yako ya siri na Mungu, 1 Wakorintho 14:4 Paulo anasema anenaye kwa lugha "hujijenga nafsi yake". Na kuna karama ya kusanyiko ambayo lazima iwe na mfasiri. Hayo ya pili na ya tatu hayaendi kwa utaratibu mmoja, ukiyachanganya ndio unapata watu mia wananena kwa mpigo kwenye maiki.

Sasa nikuambie yangu. Mimi nilifunga, nikaenda mikutano, nikawekewa mikono mpaka nywele zikaisha, wapi. Niliacha kutafuta. Ilinijia napalilia mahindi, peke yangu, jembe mkononi, naimba tenzi, nikashtukia ninachoimba sikijui. Hakuna aliyenishika paji la uso. Nilikaa chini ya mti nikalia kama mtoto mpaka jua likazama na palizi haikuisha siku hiyo. Kwa hiyo mtu akiniambia hakuna kitu kama hicho simbishii, namwangalia tu. Ila na mtu anayemfundisha mwenzake namna ya kuzungusha ulimi naye namwangalia vilevile. Yaani walikuharakisha mwanangu, na sisi tumewaharakisha wengi.

Msabato wa Ukweli

Mzee nakuheshimu ila hapo kwenye Matendo 2 umepita juu juu. Siku ile watu walisikia nini? "Lugha yetu tuliyozaliwa nayo." Waparthi, Wamedi, Waelami, wa Misri, Warumi, Wakrete, Waarabu, kila mtu kwa lugha ya kwao. Yaani lugha halisi zenye wenyewe! Kusudi ni injili imfikie mtu asiyejua Kiebrania wala Kigalilaya, basi, sio kujisikia vizuri. Kwa maana hiyo mleta mada wewe ndiye pekee humo chumbani uliyenena lugha ya kweli, wenzako sijui.

Na hao wa Azusa unaowataja mzee, mbona husemi mwanzoni hata wao waliamini hivi ninavyoamini mimi? Parham alifundisha kwamba mmisionari hahitaji tena kusoma lugha, atapewa. Walisema mwanafunzi wake Agnes Ozman kanena Kichina. Mhubiri Alfred Garr na mkewe wakatoka Azusa mpaka Calcutta, India, wakijua wameshapewa lugha za kule, walipofika wenyeji hawaelewi kitu, akaishia kuwahubiria wamisionari kwa Kiingereza, na Hong Kong ikabidi atumie mkalimani. Baada ya hapo ndio tafsiri ikageuzwa, ikawa "lugha ya rohoni". Kusudi lilibadilishwa baada ya mambo kugoma.

Mzee wa Zamu

Garr ni kweli, na sifichi, walikosea. Lakini lugha ya rohoni hakuitunga mtu baada ya Calcutta. Soma 1 Kor 14:2, anenaye kwa lugha hasemi na watu, anasema na Mungu, "maana hakuna amsikiaye". Hakuna! Pentekoste walisikia wote, Korintho hasikii hata mmoja mpaka afasiriwe. Ukilazimisha zote ziwe kitu kimoja utabaki na mistari mkononi huna pa kuiweka.

Msabato wa Ukweli

Hakuna amsikiaye kwa sababu hapo kanisani hakuna wa kabila hilo. Ndio maana anahitajika mfasiri. Mbona rahisi.

Mzee wa Zamu

Haya, na Paulo anayesema kwenye 14:18 kwamba ananena kuliko wote, halafu kanisani heri maneno matano kwa akili kuliko elfu kumi kwa lugha, hayo elfu kumi alikuwa anayasemea wapi na nani? Chumbani kwake na Mparthi?

kiti_cha_nyuma

Chumbani na Mparthi 😂 mzee umeua

Kalamu Nyekundu

Mimi nafundisha Kiswahili na isimu, dini yangu haihusiki hapa. Nikupeni kitu cha kusikiliza mkienda kesha. Mtu wetu akinena, silabi zake karibu zote zinaishia na irabu, konsonanti irabu, konsonanti irabu, shandarabakataya, kama Kiswahili tu. Msikilize Mmarekani kwenye yutyubu, anayo ile r yao ya kulegeza. Kuna mwanaisimu William Samarin aliyachunguza haya miaka na miaka akaandika kitabu 1972, akakuta kunena kunatumia sauti za lugha anayoijua msemaji, mkazo na kiimbo vipo kama lugha, ila hakuna sarufi wala msamiati unaotengeneza maana. Hakusema ni ugonjwa wala ulaghai, alisema ni kitu mtu wa kawaida anaweza kukifanya.

Na mwaka 2006 mtafiti wa ubongo Andrew Newberg wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, aliwapiga picha za ubongo wanawake watano wakiwa wananena, sehemu ya mbele inayohusika na kujiongoza kwa makusudi ikaonekana imepungua kazi kuliko walipokuwa wanaimba nyimbo za dini. Watano ni wachache, msijenge nyumba juu yake. Lakini inaendana na yule mzee na jembe lake, kwamba hakujiendesha. Wewe binti ulikuwa unajiendesha, ndio tofauti, na unaijua mwenyewe kuliko mashine.

Pwani Tulivu

Mimi Muislamu napita tu, jirani yangu ni kanisa. Hiyo sura ya 14 mnayobishania jamaa yangu aliwahi kunisomea kwamba mgeni akiingia akawakuta wote mnanena atasema mna wazimu. Naomba msomewe na nyinyi, hasa ile ya Ijumaa saa nane usiku. Nawapenda lakini.

Mama Tumaini

Mnabishana mtoto wa watu anaungua. Mleta mada mimi ni mkatoliki wa karismatiki, na kwetu wapo wanaonena, wapo wasionena, mimi nina miaka 16 kwenye kikundi sijawahi na hakuna aliyewahi kunipimia. Paulo anauliza "wote wanena kwa lugha?" na namna alivyouliza jibu linajulikana. Samaria kwenye Matendo 8 walipokea Roho, lugha hazikutajwa. Towashi wa Kushi alikwenda zake akifurahi, hakuna aliyemzuia kwanza anene.

Ila mwanangu hebu tuache mistari. Kilichonikaa mimi ni yule mzee wa mlangoni. Wewe ulifeki kwa njaa na woga. Yeye alitafsiri kuku akasema Bwana amesema, na kuna mtu mle ndani aliondoka akiamini mlango wake wa miaka saba umefunguliwa. Huyo mtu anasubiri mpaka leo. Hilo ndilo la kumpelekea mchungaji, au mama mchungaji kama ni mtu wa kuongeleka. Usiende mbele ya kanisa zima kushuhudia, watakumaliza. Nenda nyumbani kwao, mchana, siku ya kawaida.

fundi_redio

Hama kanisa tu, Dodoma makanisa yamejaa.

Binti wa Kibo

Fundi, sitaki kuhama, wale ndio walionipikia uji.

Nimesoma komenti zote asanteni sana. Mzee shikamoo, umenitoa machozi na hilo jembe. Kaka msabato nimekuelewa kwenye lugha za watu ila bado sijui mzee alichokipata shambani nikiite nini kama ni lugha halisi tu zinazokubalika. Mama Tumaini, huyo mtu wa mlango wa miaka saba namjua. Alikuwa anatafuta mtoto. Mpaka sasa hajapata na kila akiniona ananikumbatia anasema mdomo wako una baraka. Sikuwahi kuliandika hilo popote.

Leo nilienda kwa mama mchungaji. Nilimkuta anachambua mchele, nikakaa nikasaidia. Nikamwambia yote, mpaka kuku. Hakucheka, hakunikemea. Alichambua kimya muda mrefu halafu akaniuliza, "kwenye darasa lako, wangapi wengine?" Nikasema sijui mama, mimi najua wangu. Akasema niache kwanza maombezi, na habari ya yule mzee ataongea na mchungaji, na kwa yule dada wa mtoto tutaenda wote wawili, Jumapili baada ya ibada.

Kiongozi wa darasa nimemwandikia meseji sitaweza kusaidia Jumamosi. Tiki za bluu toka saa nne asubuhi, hajajibu. Yule binti wa form four naye nimempigia, nikamwambia ukiona haitoki usiseme kitu, kaa kimya, na mimi mwenyewe haikutoka. Akaniuliza "sasa wakinishika kichwa?"

kiti_cha_nyuma

Ukamjibuje?

Binti wa Kibo

Nilimwambia anipigie, nitakuwa nje getini.

Mzee wa Zamu

Jumapili ukitoka kwa huyo dada utupe mrejesho. Na bibi yako kama yupo msalimie.

Binti wa Kibo

Yupo mzee. Kuku pia wapo.